Sahani Iliyorudi Jikoni

Mkataba wa ufadhili wa utafiti, katika kituo kimoja cha watafiti Ujerumani, ulikuwa na kurasa sita. Niliusoma kwenye simu nikiwa nimesimama foleni ya benki, pale Ngamiani, Tanga. Macho yangu yalitafuta mambo matatu tu: posho ni kiasi gani, nyumba ipo au haipo, na tiketi ya ndege anakata nani. Yote niliyaona, moyo ukatulia. Kifungu cha saba kilisema kwamba mtafiti anatarajiwa kuishi kituoni miezi yote kumi, ale chakula cha mchana na wenzake kila siku ya kazi, ahudhurie semina ya kila Jumanne, na aombe ruhusa kwa maandishi akitaka kuondoka kwa zaidi ya siku tano. Nilikipita hivi hivi. Nilikiweka kwenye fungu la yale maneno ya fomu ambayo kila mtu huyasaini bila kuyasoma.

Nilikuwa naenda Ujerumani kuwatafuta walimu. Mwaka 1887 kilifunguliwa Berlin chuo cha lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha zilizofundishwa kwa maofisa na wengine waliotarajia kwenda kwenye makoloni. Waliowafundisha Wajerumani kutamka na kuzungumza walikuwa watu wa kwetu. Alikuwepo Amur bin Nasur wa Zanzibar katika miaka ya 1890. Akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefika Berlin mwaka 1900, na ambaye maandishi yake yamo kwa wingi ndani ya kitabu cha desturi za Waswahili alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903. Mtoro hakurudi kuishi kwao. Alifia Ujerumani mwaka 1927. Mimi nilitaka kujua maisha yao nje ya darasa: walipanga wapi, waliandikiana barua na nani, jioni walikula na nani.

Swali hilo la mwisho nililiandika kwa mkono wangu kwenye andiko la maombi. Kisha nikafika, na kwa wiki saba sikula na mtu.

Haikuwa jeuri. Kituo kipo katika mji mdogo, saa moja na nusu kwa treni hadi Berlin, na nyaraka nilizozihitaji zimo Dahlem, katika hifadhi ya nyaraka za Dola ya Prussia. Nilikuwa natoka saa kumi na mbili alfajiri, narudi usiku. Nilikuwa na hesabu yangu kichwani: miezi kumi ni siku chache, na mtu aliyesubiri nafasi hii miaka minne hana saa moja na nusu ya kukaa mezani akizungumzia hali ya hewa. Juu ya hayo mialiko ya makongamano ilianza kuja. Ukiwa Dar es Salaam, safari ya Napoli, Italia, ni viza, taarifa ya benki, miadi ya ubalozi na maombi ya usiku. Ukishakuwa na kibali cha kukaa Ujerumani, unakata tiketi ukaondoka. Nikaenda Napoli, nikaenda Leiden, Uholanzi, nikaenda Leipzig. Kila safari niliihesabu siku tano kamili, isizidi, ili nisilazimike kuomba ruhusa. Niliona nimefuata sheria.

Katikati ya Novemba mratibu wa kituo aliniita ofisini kwake. Ni mama wa makamo, mpole, anayejua majina ya watoto wetu wote ambao hajawahi kuwaona. Alinimiminia chai kwanza. Kisha akaniambia kwamba jikoni huhesabu sahani kila asubuhi, na yangu huwekwa kila siku kwa sababu sikuwahi kusema sitakuwepo. "Imerudi jikoni zaidi ya mara thelathini," alisema. Nikaanza kujieleza, treni, hifadhi, makongamano. Akanisikiliza hadi nilipomaliza. "Sikukuita nikulaumu. Nataka kujua kama kuna jambo tunalokukosea, mpaka hutaki kukaa nasi."

Sikuwa na jibu. Nilirudi chumbani na sikuandika neno siku ile.

Aliyelelewa pwani atanielewa. Nyumbani kwetu Makorora, asiyekuwepo wakati wa chakula anawekewa chake, kinafunikwa kwa kawa, na hakuna anayekigusa. Kawa lile juu ya mkeka linasema fulani ni wa hapa, atarudi. Marehemu bibi yangu alikuwa anaweza kuvumilia mtoto kuchelewa, kuvunja chombo, hata kujibu vibaya. Asichoweza kuvumilia ni mtu kuwekewa chakula siku baada ya siku, asile, na asiseme. Alikuwa anakuita, anakukalisha, anakuuliza, "Tumekukosea nini?" Maneno yale yale. Nimeyasikia nikiwa na miaka tisa, nikayasikia tena nikiwa na arobaini na moja, kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kijerumani.

Siku chache baadaye nilimrudia mratibu, nikaomba radhi, kisha nikamuuliza kwa nia ya kujua: kwa nini mnang'ang'ania chakula? Si mngetulipa tu mkatuacha tuandike? Akaniambia niangalie vituo vya aina hii vilivyotangulia. Nikaangalia, maana mimi ni mwanahistoria na jambo likishatajwa lina asili silali. Taasisi ya Princeton, Marekani, iliyoanzishwa 1930 na ambayo Einstein alijiunga nayo 1933, haina wanafunzi wa kufundishwa wala mitihani, lakini ina chai ya saa tisa alasiri, na chai hiyo ni desturi inayoheshimiwa kuliko kanuni nyingi zilizoandikwa. Pale Stanford, kituo cha wataalamu wa sayansi za jamii kilipofunguliwa mwaka 1954, meza ya mchana ikawa ndio moyo wa nyumba. Wissenschaftskolleg ya Berlin, iliyoanzishwa 1981 katika kitongoji cha Grunewald, hukaribisha watu wapatao arobaini kwa mwaka na huwataka waishi pale na wale pamoja. Radcliffe, chini ya Harvard, huwataka wanaofadhiliwa wahamie eneo la Boston. Kwetu Afrika ipo ya Stellenbosch, Afrika Kusini, ipo pia ile ya Legon, Accra, na wazo ni hilo hilo.

Maana yake ni kwamba pesa ya posho hainunui kitabu chako. Kitabu ungeweza kukiandika Tanga, kama ungepata likizo. Kinachogharamiwa ni watu wasiojuana, mwanasheria, mtaalamu wa mito, mtunzi wa muziki, mtu wa hesabu, kuwa katika nyumba moja kwa muda wa kutosha hata waache kuoneana haya. Hilo halipatikani ikiwa kila mmoja anakuja kwa nafasi yake. Mmoja akikosa, wenzake wote wamepungukiwa, hata kama hawamjui. Kanuni ya kuhudhuria, niliyoiona kama kamba ya kunifunga, ndiyo zawadi yenyewe. Nasema hivi nikiamini kila neno, na ningetamani mtu angeniambia kabla sijapanda ndege.

Nikapanga upya wiki yangu. Dahlem siku mbili tu, Jumatano na Ijumaa, na siku hizo natoa taarifa jikoni kabla ya saa tatu asubuhi. Siku tatu nyingine, saa saba mchana, niko mezani. Hakuna kuchagua kiti: unakaa panapofuata, na aliye karibu nawe ndiye wako kwa siku hiyo. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu. Nilikuwa mtu mgeni katika nyumba ambayo wenzangu walishakuwa na mizaha yao, na mizaha ya watu haielezeki. Unacheka nusu.

Sasa niwaeleze kuhusu maandishi. Nyaraka za Wajerumani za enzi zile zimeandikwa kwa hati ya mkono ambayo shule zao ziliacha kuifundisha mwaka 1941. Kijana wa Kijerumani wa leo akipewa barua ya babu wa babu yake hawezi kuisoma. Herufi e inafanana na n. N na u zinafanana kabisa, isipokuwa u huchorwa kijikombe juu yake, na karani mwenye haraka hakichori. Nilikuwa nimejifunza hati hiyo kwa mtandao miezi sita kabla ya safari na nilidhani naimudu. Katika mafaili ya chuo kile cha Berlin nilikuwa nakutana na neno moja pembezoni mwa ukurasa, kwa penseli ya buluu, tena na tena, chini ya maombi ya walimu: ombi la nyongeza, ombi la koti la baridi, ombi la ruhusa. Nililichukua kuwa jina la mtu. Nikajenga hoja kwamba alikuwepo ofisa mmoja aliyeyapitia mambo yote ya walimu wa Kiafrika, na nikawa namtafuta kwenye orodha za watumishi. Siku kumi na moja za Dahlem ziliishia kwake.

Mchana mmoja wa Desemba kiti kilichofuata kilikuwa kando ya mzee wa hesabu, mstaafu, mama mwenye miaka sabini na kitu. Aliniuliza nafanya nini, nikamweleza, nikatoa simu nikamwonyesha picha ya ukurasa. Akavua miwani, akaisogeza simu karibu na uso. Alijifunza hati hiyo utotoni, alisema, kwa sababu bibi yake hakuwahi kuandika kwa nyingine, na barua za bibi zilikuwa lazima zijibiwe. Akaweka kidole kwenye lile neno la buluu. "Hili si jina," alisema. "Ni erledigt. Yaani limeshughulikiwa, limekwisha."

Nikabaki nimeshika uma. Ofisa wangu hakuwepo. Palipokuwa na mtu sasa palikuwa na neno linalofunga faili: mwalimu ameomba koti, limekwisha, ameomba nyongeza, limekwisha. Halisemi kama alipewa au alinyimwa. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimewapa wale walimu mlinzi, kumbe kilichokuwepo ni penseli. Sura nzima ya kitabu changu ilibadilika kabla wali haujapoa, na mama yule, ambaye hajawahi kufika Afrika wala kusoma Kiswahili, alikaa nami kila Alhamisi mpaka Julai tukisoma ukurasa kwa ukurasa. Nisingempata Dahlem. Dahlem hakuna mtu wa kukuuliza unafanya nini.

Katika Januari bamkubwa wangu, aliyenilea baada ya baba, alifariki Tanga. Niliandika barua ya kuomba ruhusa usiku, nikitetemeka, nikihesabu siku nilizokwisha kuzipoteza kwa makongamano. Jibu lilifika kabla ya sala ya alfajiri: nenda, kaa muda unaohitaji, tutakata tiketi. Nilikaa siku kumi na mbili, nikasoma hitima na ndugu zangu. Niliporudi, mlangoni kwangu nilikuta chungu cha supu kutoka kwa jirani wa Kipoland, kadi yenye sahihi za watu wote, na maua ambayo sikujua yametoka kwa nani. Wengi waliosaini kadi ile nilikuwa sijawahi kuhudhuria semina zao.

Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya sahani. Mtaalamu wa mito, Mhindi wa Pune, alitoa mada yake Oktoba, nami nilikuwa Leiden. Mada ilikuwa kazi yake ya miaka kumi na tano. Kwetu asiyezika hazikwi, na mimi nimekulia katika mtaa ambako majina ya waliokuja msibani na wasiokuja yanajulikana hata bila daftari. Nilipopanda kutoa mada yangu Februari nilijua nastahili viti vitupu. Ukumbi ulijaa. Mtu wa Pune alikaa mstari wa mbele na daftari, na alipopewa nafasi aliuliza kitu ambacho hakuna mwanahistoria aliyewahi kuniuliza: barua kutoka Bagamoyo zilichukua siku ngapi kufika Berlin, na je, ombi linapoandikwa "limekwisha", mwombaji alikuwa bado anasubiri jibu la barua ya kabla yake? Nilimfuata baada ya semina, nikamwomba radhi kwa Oktoba. Akaniambia nije chumbani kwake Jumapili. Alinitolea mada nzima upya, peke yangu, saa mbili, na ramani zake zote.

Ramadhani mwaka ule wa 2023 iliingia Machi 23. Nilimwendea mratibu nikidhani nitapewa udhuru wa mchana kwa mwezi mzima, na kweli alinipa bila kusita. Nilipofika mlangoni nikageuka. Nikamwambia nitakuja, sitakula, nitakaa. Siku za mwanzo wenzangu waliona haya kutafuna mbele yangu; mtunzi wa muziki aliacha kabisa siku mbili mpaka nilipomwomba ale. Baada ya wiki tukazoea. Watu wakaniuliza maswali ambayo hawangeuliza mtu anayekula. Mpishi naye aliniuliza jambo moja tu: jua linazama saa ngapi? Saa za Ujerumani zilipobadilishwa mwishoni mwa Machi alikuja mwenyewe kuniuliza tena. Kuanzia hapo, nikishuka magharibi, juu ya meza ndogo ya jikoni nilikuta sahani yenye chakula cha mchana ule, imefunikwa kwa sahani nyingine, na tende tatu pembeni.

Sitaki mtu anielewe kwamba masharti haya ni mepesi kwa kila mtu. Si mepesi. Niliwaacha watoto wawili na baba yao na mama yangu mzazi, mdogo akiwa na miaka minne, na kuna usiku nilizima kamera ya simu ili asinione uso. Mtafiti asiye na mtoto, au mwenye mke anayeweza kufunga safari, kanuni ya miezi kumi kwake ni jambo la kupanga masanduku. Kwa mwanamke wa kwetu ni kikao cha ukoo. Kituo kinachodai ukae kina wajibu wa kuuliza unaacha nani, na kuwa na nyumba ya familia, na mtu wa kusaidia kutafuta shule ya awali na viza za watoto. Kisichofanya hivyo kinachagua watu wa aina moja bila kusema. Changu kilikuwa na nyumba hizo. Sikuuliza, kwa sababu sikusoma kifungu cha tisa, kama nilivyokipita cha saba.

Na upo mzigo wa kule tunakotoka. Chuo hukupa likizo ya utafiti kwa barua, kisha kikakutumia mitihani themanini ya kusahihisha na wanafunzi wanne wa kusimamia kwa mtandao. Nilijikuta mara nyingi mezani na simu inatetemeka mapajani. Hili mimi nalisema waziwazi kwa wakuu wa idara: ukimruhusu mtu aende, mwache aende. Mwili uliopo mezani na akili iliyopo kwenye mitihani ya mwaka wa pili ni sahani ile ile inayorudi jikoni, imeguswa kidogo tu.

Mwaka huu kijana niliyemsimamia shahada ya uzamili amepata nafasi ya miezi mitano Afrika Kusini. Alinipigia akiwa na furaha na wasiwasi. "Mwalimu, mke wangu anatarajia kujifungua Mei, na wao wanataka nianze Aprili. Nimefikiri nisaini, niende mwezi mmoja, nirudi nyumbani kimyakimya wiki tatu, kisha nirudi tena. Nani atajua?"

Nikamwambia atakayejua ni anayepanga sahani. Nikamwambia asisaini leo. Aandike barua usiku huo huo, aeleze tarehe ya kujifungua, aulize kama anaweza kuanza baadaye na kama mke na mtoto wanaweza kwenda naye. Alisita. Alihofu watamwona msumbufu na kumpa nafasi mtu mwingine. Nilikaa naye kwenye simu mpaka alipoituma.

Walimjibu baada ya siku tatu. Wameisogeza safari yake hadi Agosti, na nyumba ipo ya watu watatu. Alinitumia ujumbe wao wote niusome, akaniomba ushauri kwenye swali la mwisho ambalo hakujua alijibu vipi: mtoto atahitaji kitanda cha ukubwa gani.